Mashavu ya Dawa

Machimboni, upande wa Kharumwa
12 Machi 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, Baba Stanslaus hajambo, na watoto wanaenda shule. Mama mpe shikamoo yake, na umwambie ule mguu asiupuuze. Huku mvua imetuvamia. Shimo limejaa maji na tunashinda juu tukihangaika na pampu badala ya kuchimba. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu, kitu ambacho sijakizoea tangu nilipoachia shule darasa la sita. Utavumilia mwandiko.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ipo lakini si yako, ni ya mumeo, na mumeo akipokea anaweka spika, mnakaa uani kunisikiliza kama watu wanaosikiliza mpira. Mwezi uliopita nilikuwa nakueleza wewe, dada yangu, habari za choo changu, nikasikia sauti ya mwanaume nisiyemjua ikisema, "Kijana anywe uji wa mtama." Nani alimuuliza? Kuanzia leo habari za tumbo langu zitasafiri kwa karatasi, na karatasi ataibeba Klara, yule mama anayeleta mchele wa Kagongwa kwenye gulio letu. Ukijibu, mpe yeye. Akichelewa, na sisi tutachelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikwenda Mwanza. Unajua zahanati walinitibu amiba, wakanitibu kichocho, wakanitibu taifodi, wakarudia amiba, na damu haikukoma. Mwanza wamenipitisha kamera huko nyuma, sitaeleza zaidi, wakachukua kinyama wakakipima. Daktari ni mwanamke, anaitwa Khatija, mdogo kuliko wewe. Amesema ni vidonda vya utumbo mpana. Si amiba, si kichocho, hakuna aliyenifanyia kitu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inaupiga utumbo. Kwa nini, hawajui. Utatulia, utaamka, utatulia tena, lakini ni ugonjwa wa kuishi nao.

Kisha akaniuliza, "Enock, wewe unataka nini kwenye matibabu haya?"

Dada, nilikasirika. Nimetoka huku na damu, nimelala stendi, halafu daktari ananiuliza mimi nataka nini. Nikamwambia ukweli kwa ukali. Nataka kukaa shimoni toka asubuhi mpaka jioni bila kupanda. Kwa sababu hujui kazi yetu. Huko chini hakuna choo na ni mwiko kujisaidia mle, wenzako watakuua. Tumbo likikushika unavuta kamba, walio juu wanazungusha winchi, kazi ya wote inasimama mpaka utoke na urudi. Mimi nilikuwa navuta kamba kutwa nzima. Wamenipa jina, wananiita Lifti. Msimamizi wetu Ngassa ananiambia mbele ya watu, "Lifti, leo unapanda na abiria wangapi?"

Daktari hakucheka. Aliandika nilivyosema, kisha akasema na yeye ana yake anayotaka. Kwanza damu ikome. Pili niachane na kidonge cha haraka alichonianzishia, ninachokimeza kwa wiki kadhaa sasa, kinaitwa prednisoloni, maana kinazima moto lakini hakijengi nyumba. Tatu kamera ikirudi siku nyingine ikute ukuta wa utumbo umepona kabisa, kwa kuwa vidonda vikikaa miaka mingi vinaweza kuzaa saratani. Alisema kujisikia nafuu si kupona. Nimelishika hilo.

Amenipa mesalazini ya kumeza kila siku na nyingine ya kuingiza nyuma wakati wa kulala. Tunalala wanaume wanne turubai moja. Niambie nitaiingiza saa ngapi.

Umeomba picha mama anione. Nimeituma leo kwenye simu hiyo ya ukoo mzima. Mwonyeshe mama, basi.

Mdogo wako,
Enock


Kagongwa
7 Aprili 2024

Mdogo wangu Enock,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anatembea mpaka kwa jirani na kurudi. Stanslaus amepigana shuleni, mwalimu ameniita, nikakuta yeye ndiye aliyeanza, kama wewe zamani. Mpunga bado wa kijani, ndege wanatusumbua, tunashinda shambani tukiwafukuza.

Barua nimeisoma peke yangu nyuma ya mashine ya kukoboa, halafu nimeichoma, usiwe na wasiwasi. Baba Stanslaus nimemwambia kuhusu spika. Amesema masikio yake mabovu.

Enock, ile picha. Sikukutambua. Tangu uanze kuumwa nilikuwa nimekuzoea na lile taya la mbuzi, sasa nakuona una mashavu, shingo imejaa, uso unang'aa kama mtu wa mjini. Mama aliishika simu akalia. Alisema, "Wabeja, asante Mungu, mwanangu amerudi." Majirani wote wamesema machimbo yamekukubali. Mimi nimewaambia ni Mungu. Dawa yoyote inayokupa mwili huo, imeze, usisikilize maneno ya kupunguza. Madaktari hawa wakikuona umepata nafuu wanataka kukurudisha chini ili uwarudie.

Kuna jambo la heri nalishughulikia hapa, sitalieleza kwa sasa. Wewe pona tu. Klara ana mchele wako, ni wa msimu uliopita lakini unanukia.

Dada yako,
Limi


Machimboni
26 Mei 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Mchele umefika, tumeula. Mpe mama pole na mguu. Nyumbani kwako sina habari nyingine ya kuuliza, kwa kuwa leo nina hasira, na salamu ndefu ni unafiki.

Mageni, ninayechimba naye, alikuja nyumbani huko kwa msiba wa baba yake mdogo, amerudi shimoni ananipongeza. Nikamuuliza kwa lipi. Ananiambia nina mchumba. Mimi. Ananiambia ni Nelly, binti wa mzee Mayala wa Isaka, na mazungumzo ya ng'ombe yameanza. Wanaume wenzangu wanajua na mimi nilikuwa chini nagonga tindo. Mlipelekaje posa bila mwenye posa? Mageni anasema mlipeleka simu. Mzee Mayala aliitazama picha, akampa mkewe, mkewe akampa binti, wakasema kijana ana afya.

Limi, sikiliza. Yale mashavu si yangu, ni ya kile kidonge. Daktari alinionya toka mwanzo kwamba prednisoloni hujaza uso na shingo, huku mikono na miguu inakonda. Inanyima usingizi, inalegeza mifupa, inapandisha sukari, inashusha kinga. Nikivua shati nina tumbo la mama mjamzito na miguu ya korongo. Ninyi mmekata kichwa kwenye picha mkakipeleka Isaka. Mmeniposea kwa uso ambao nimeazimwa na dawa, na dawa yenyewe nimeambiwa niirudishe.

Ndiyo, niirudishe. Nilirudi Mwanza. Damu imepungua sana, lakini kila daktari akishusha kidonge hiki damu inarudi. Amesema mwili wangu umeanza kuegemea kidonge, na hiyo ni dalili kwamba mesalazini peke yake haitoshi. Ameniongezea kingine cha kutuliza kinga polepole, azathioprini. Hiki hakifanyi kazi leo wala kesho, kinataka miezi kama mitatu, na kila mara nipime damu kuona hakijaharibu ini wala chembe za damu. Vikishindikana hivyo kuna dawa za kupitisha kwenye mshipa, ngumu kuzipata, na mbele ya hapo kuna kisu. Amenieleza yote bila kunificha. Hata mara moja hakuyasifu mashavu.

Azathioprini naichukua Geita kwenye duka la dawa la Shehnaz, anaiagiza Mwanza. Mama yule mkali. Nilimwomba aniongezee prednisoloni bila cheti, akakataa, akasema wasichana wanakuja kumwomba hicho hicho wanenepe kabla ya harusi zao na anawafukuza. Akaniambia, "Na wewe usikiache ghafla. Mwili hutengeneza wenyewe kitu kama hicho, na wa kwako sasa umesahau. Ukikata siku moja, utaanguka."

Rudisha neno Isaka. Sema mtu wenu ni mgonjwa. Na usiniambie hasira hii ni ya kidonge. Najua hicho ndicho utakachosema.

Enock


Kagongwa
16 Juni 2024

Enock,

Marahaba, ingawa hukuitoa vizuri. Tumevuna. Mashine zinakoboa mchana kutwa na pumba imejaa mpaka kwenye nywele zangu. Mama hajambo.

Hasira hiyo ni ya kidonge. Nilikulea mgongoni mama alipokuwa shambani, hukuwa hivi.

Sasa nisikilize na mimi. Una miaka thelathini na minne. Uliondoka hapa ukasema unakwenda msimu mmoja. Mimi ndiye ninayemwogesha mama, mimi ndiye ninayejibu watu wanaouliza yule wa kwenu ataoa lini. Nelly ni binti mzuri, anashona, hana makuu. Wazazi wake wamekubali, na mtu akikubali huwezi kumfuata na kumwambia samahani, tulikuletea mgonjwa. Watasema ukoo wetu una ugonjwa. Nina mabinti wawili, Enock. Watasema wa kwangu nao wanao.

Mimi sikatai daktari. Nasema tu asubiri. Harusi ni Desemba, watu wakiwa nyumbani kwa sikukuu. Mpaka hapo kaa na kile kinachokuweka mwili. Ukishaoa, mkishazoeana, fanya yote wanayotaka Mwanza, hata ukikonda mke atajua ni kazi. Ndani ya mchele utakuta mfuko wa nailoni. Hapa dukani sikuhitaji hata jina, nilisema vile vya kunenepa, wakanipa. Kwa nini yule mama wa Geita anajifanya ni shida?

Usiniandikie tena matusi.

Limi


Machimboni
21 Julai 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Mchele umefika. Tumehamia duara jipya, ndivyo tunavyoita shimo, refu kuliko lile, na mwamba mgumu. Ngassa alikuwa ameniweka juu kwenye winchi, sasa amenirudisha chini kwa sababu siku hizi sipandi. Mama mpe salamu.

Kuhusu ulichokiweka ndani sina la kusema.

Enock


Kagongwa
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Enock,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi lakini imenitosha, nimeelewa umekubali. Nimefurahi umerudi chini. Nilimwambia mama hupandi tena, hakuelewa, akasema basi ajitahidi apande siku moja. Tumecheka sana.

Isaka mambo ni mazuri. Mama yake Nelly ameuliza unapenda kula nini, nikasema unakula kila kitu. Picha uliyomtumia Stanslaus nimeiona, mashavu yapo, nimewapelekea na hiyo. Klara ana mzigo mwingine, na ndani kuna kama kile cha kwanza. Amesema barabara yenu mvua zikianza haipitiki, kwa hiyo mtatumia kwa kiasi.

Daktari hukumtaja. Nimeona sitauliza.

Dada yako,
Limi


Hospitali, Mwanza
30 Novemba 2024

Limi,

Shikamoo. Barua hii analeta Mageni, ananiachia leo na basi linapita Kagongwa. Ningeweza kuazima simu. Sitaki, kwa simu mngenijibu, na mimi sitaki kujibiwa.

Mmeshapigiwa na Ngassa kwamba nilianguka. Hamjui nilivyoanguka, sasa nakwambia.

Vidonge vyako nilivimeza. Azathioprini nilikuwa nimeianza, ikanitia kichefuchefu, na kila kupima damu ni kwenda Geita na kukosa zamu, na Ngassa haweki nafasi ya mtu. Nikaiona haifanyi kitu, kwa kuwa miezi yake haijatimia. Vyako vilikuwa vinafanya kazi siku hiyo hiyo. Nikaiacha ya daktari nikakaa na ya kwako. Mesalazini nayo nikaimeza ninapokumbuka. Nilikuwa sipandi, nilikuwa sitoki damu ya kuonekana, nilikuwa nashika tindo kama mtu. Kisha mvua ikaja, Klara hakuja. Mfuko ukaisha, nikakaa hivyo hivyo, nikijua kabisa alichoniambia Shehnaz.

Damu ilirudi kama bomba. Halafu siku moja chini miguu ikaniacha, macho yakawa giza, sikuweza hata kuvuta kamba. Mageni alinifunga kiunoni kama gunia la mawe wakanivuta. Nilijichafua njiani, kwenye shimo, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Hilo lilinitisha kuliko kuanguka.

Ngassa alinipakia kwenye gari la mawe mpaka Geita, Geita wakanileta hapa. Wamenitundikia dawa ya mshipani ya aina hiyo hiyo ya prednisoloni, kali, siku baada ya siku, na utumbo haukusikia. Umeanza kuvimba. Daktari Khatija amekuja na daktari wa upasuaji, Tanvir, wamekaa kitandani kwangu wote wawili. Wamesema zimebaki njia mbili. Moja ni dawa nyingine ya mshipani inayozuia kinga kwa nguvu. Ipo Dar, haipo hapa, na picha ya kifua changu ina kovu, huenda ni TB ya zamani, maana vumbi la shimoni huikaribisha, na dawa hiyo inaweza kuiamsha. Nyingine ni kuutoa utumbo mpana wote. Ukitoka, ugonjwa umekwenda nao. Lakini ncha ya utumbo mwembamba itatokezwa nje kwa tundu la tumboni, na choo kitakuwa kinaingia kwenye mfuko nitakaobandikwa hapa pembeni ya kitovu. Baadaye huenda wakaniunganishia ndani, huenda wasiweze. Na tukisubiri sana utumbo unaweza kupasuka, hapo hakuna tena kuchagua.

Nasikia mmekaa kikao. Nasikia Baba Stanslaus amempigia daktari akamwambia ukoo umeamua tusubiri dawa ya Dar, kwa sababu mwanaume hawezi kuoa na mfuko. Amemwambia daktari. Kwenye spika, bila shaka.

Limi, mmenipa uso, mmenipa mke, mmenipa dawa, sasa mnataka kunipa na kifo cha heshima. Mimi nilikuwa mjinga wa kumeza, na hilo nimelibeba, maana ni tumbo langu. Lakini ninyi hakuna siku mliyoniuliza. Yule daktari niliyemkasirikia ndiye mtu pekee aliyeniuliza, na leo asubuhi nilimjibu upya. Nilimwambia nataka kuishi, na mfuko nitaubeba kama wengine wanavyobeba makengeza.

Kesho wananipasua. Nimesaini mwenyewe, na jina linasomeka.

Nina kazi moja nakupa. Nenda Isaka. Si Baba Stanslaus, wewe. Mwambie Nelly mwenyewe, sikioni mwake, si wazazi wake, kila kitu, pamoja na mfuko. Kama sitaamka mwambie hivyo hivyo.

Enock


Kagongwa
20 Desemba 2024

Enock,

Marahaba. Mama hajambo. Tangu nirudi kutoka Mwanza anakaa mlangoni.

Nilikaa kitandani kwako siku zote zile na hatukusema chochote isipokuwa maji, mto, geuka. Kwa hiyo na mimi naandika.

Nimekwenda Isaka. Mzee Mayala alinisikiliza kwa adabu, akasema atatuma neno, na neno ni kwamba ng'ombe hawazungumzwi tena. Nilimwomba niseme na Nelly peke yake. Alinisindikiza mpaka barabarani, nikamweleza yote ulivyotaka. Nilifikiri atalia. Alisimama akanitazama mpaka nikaangalia chini. Akasema, "Mama Stanslaus, mngeniletea mtu. Mmeniletea mashavu." Kisha akasema hajui angejibu nini kama angeulizwa mapema, kwa sababu na yeye hakuulizwa, alipewa simu tu ashike. Ameondoka hakuniaga.

Kile kilichobaki nilikirudisha dukani. Niliwaambia mdogo wangu amekatwa utumbo. Yule kijana akasema wao hawajui mtu anapeleka wapi. Nilimwaga vidonge juu ya kaunta yake na nikapiga kelele mpaka wateja wakatoka. Baba Stanslaus amesema nimemwaibisha. Nimemwambia azungumze na spika yake.

Lakini sitakuomba msamaha kwa kutaka uoe. Nitakuomba kwa mengine, siku nikiweza. Na wewe una lako. Ulikuwa unameza na unaniandikia "sina la kusema." Mdomo ulikuwa wako, Enock. Ungesema neno moja, damu, ningetembea kwa miguu mpaka huko.

Yule nesi alinifundisha kubadilisha mfuko kwa sababu wewe ulikuwa unageukia ukutani.  Ile nyama iliyotokeza ni nyekundu kama ulimi wa mtoto, na haiumi, ulisema haiumi. Unapima ukubwa wake, unakata tundu la mfuko lilingane, likiwa kubwa choo kinachoma ngozi. Najua sasa. Kwa hiyo tumeamua utakaporuhusiwa uje hapa, chumba cha Stanslaus, mimi nitakuwa nakubadilishia, na kazi yako itakuwa kukaa mashineni uhesabu magunia. Mama amekubali.

Limi


Geita
16 Februari 2025

Dada Limi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, na mama hajachoka kukaa mlangoni. Stanslaus mwambie nimesikia amepigana tena.

Umesema "tumeamua." Nimelisoma neno hilo mara nyingi, nikaiweka barua chini ya godoro, nikaitoa, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Klara hana kosa safari hii.

Nipo Geita mjini, nimepanga chumba kimoja nyuma ya karasha la kusagia mawe. Shimoni sishuki tena. Tanvir amenikataza kunyanyua vizito, tumbo litatoa ngiri pale pembeni ya tundu. Kwa hiyo kile nilichomwambia daktari siku ya kwanza, kukaa chini bila kupanda, sikukipata na sitakipata. Nina hasira nacho. Kuna siku nasikia wenzangu wanapita na makoti yao ya matope nageuza uso. Ngassa amenipa kazi ya kupokea mawe karashani na kutenganisha ya kila duara. Alinipa bila maneno mengi, na ninafikiri alinipa kwa aibu. Nimeichukua hivyo hivyo.

Prednisoloni inashuka kidogo kidogo, daktari anasema mwezi ujao itakuwa imekwisha. Uso umerudi ule uliouita wa mbuzi. Damu hakuna. Azathioprini hakuna, mesalazini hakuna, maana hakuna tena cha kutibu, nilimuuliza mara mbili na mara zote mbili alisema hakuna. Kuhusu kuniunganishia utumbo ndani, watanieleza nikipata nguvu, na nimemwambia nitafikiri, sijasema ndiyo. Alisema hakuna haraka.

Mfuko ulivuja wiki ya kwanza karashani. Vumbi la mawe liliingia kwenye gundi. Nilirudi chumbani nikatukana peke yangu, nikatukana mfuko, nikakutukana wewe, nikamtukana mwenye duka la Kagongwa, kisha nikanawa nikabandika mwingine. Nakata tundu mwenyewe sasa. Siku ya kwanza nilikata kubwa ngozi ikaungua. Leo ni sawasawa. Mageni aliniona akauliza kama inauma, nikamwambia inauma pale watu wanapouliza. Alicheka, nikacheka.

Sasa kuhusu kuamua. Chumba cha Stanslaus sitaki, mtoto akae kwake. Magunia sitaki kuhesabu. Mfuko wangu hutaubadilisha, hata ukijua kuliko mimi. Wachumba msitafute. Nelly sijui kama nitamwandikia, na nikimwandikia hutajua. Nikisema nataka hiki, wewe nyamaza mpaka nimalize sentensi, ndipo useme yako, na sema kwa sauti yote, sijakukataza kugombana. Ninakumiss ukigombana.

Jumamosi ijayo nachukua basi la asubuhi. Siji kuuguzwa na siji kuomba radhi wala kuombwa, hilo la kwako chukua muda wako. Nakuja kumwona mama na kurudi Jumatatu kazini.

Mwaka ule mzima nilikuwa naogopa chakula. Nilikuwa nikikaa na wenzangu naangalia sahani nahesabu itanitoa mara ngapi, nakula vijiko viwili na kusema nimeshiba. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata daktari. Mwambie mama apike, chochote, na apike kingi. Nina njaa.

Enock